Kabla ya Jengo, Tujue Nani Atashika Ufunguo

Siku za bamvua, maji ya mwambao wa Bagamoyo hupwa mbali, na kupwa kwenyewe huangukia asubuhi, kati ya saa tatu na saa tano. Saa hizo wanawake wanaolima mwani Mlingotini wako baharini, maji yakiwafika magotini, wanafunga miche kwenye kamba na kukaza vigingi. Bahari haiombwi isubiri. Maji yakirudi, kazi ya siku imekwisha. Sasa chukua barua ya kuitisha mkutano wa maendeleo ya jamii, iwe ya ofisi ya serikali au ya mradi, na mara nyingi utakuta saa iliyoandikwa ni saa nne asubuhi. Ni saa inayomfaa mgeni anayetoka Dar es Salaam: amepita foleni ya Tegeta na Bunju, amefika, na atawahi kurudi kabla jua halijazama. Wanawake wa mwani hawatakuwepo, na taarifa itaandika kwamba mwitikio wa akina mama ulikuwa hafifu.

Wavuvi wa dagaa nao wana kalenda yao. Hutoka usiku wa giza, taa zikiwavutia samaki, na mwezi ukiwa mpevu hupumzika, wanashona nyavu na kulala nyumbani. Kwa hiyo jioni ya mbalamwezi, baada ya swala ya isha, ndiyo saa ambayo mume na mke wote wako nchi kavu na wana nafasi ya kusikilizana. Hakuna mchoro wa jengo utakaomwambia mtu hilo. Atalijua tu yule aliyekaa na watu wa pale mwezi ukaandama mbele yake na kupevuka.

Nimeanza na saa kwa sababu vituo vya jamii tumezoea kuvipanga kuanzia kwenye bati. Fedha zikipatikana, kwanza unatafutwa mkandarasi, halafu jiwe la msingi, halafu mgeni rasmi wa kukata utepe. Mengine yote, yaani nani atafungua mlango, saa ngapi, kwa ajili ya nani, na umeme ukikatika nani atanunua LUKU, yanaachwa yajipange yenyewe baada ya sherehe. Hayajipangi. Ukumbi unafungwa kwa kufuli, ufunguo unakaa kwa mtendaji, mtendaji yuko kwenye kikao wilayani, na watoto wanacheza nje ya mlango. Msimamo wangu ni kwamba kituo cha jamii kipangwe kinyume na mazoea haya. Kwanza ardhi, pili mtu wa kushika ufunguo, tatu ratiba inayofuata maisha ya wenyeji, na jengo lije mwisho, likue kwa kadiri ya yale yanayofanyika ndani yake.

Bagamoyo ina haki ya kuyasema haya kuliko miji mingi, kwa sababu imekuwa na vituo vya jamii kabla neno hilo halijaingia kwenye makaratasi ya wizara. Mfikirie Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye watu wamemjua kwa jina la Sheikh Ramiya. Aliletwa pwani mtumwa, akitokea upande wa Kongo. Akajifunza dini, akafungua madrasa, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria, na alipofariki mwaka 1931 alikuwa mmoja wa watu wenye sauti kubwa kuliko wote mjini. Mwanawe, Sheikh Mohamed Ramiya, akaendeleza kazi hiyo na akawa nguzo ya TANU katika eneo hili. Ziara ya Bagamoyo, hafla ya kidini ya tarika hiyo, iliwakusanya watu kutoka kila pembe ya pwani na bara. Pale mtoto wa mtumwa na mtoto wa muungwana walikaa jamvi moja, mgeni alipata pa kulala, na mwenye shida alipata wa kumsikiliza. Nguvu ya mahali pale haikutoka kwenye kuta. Ilitoka kwa mtu aliyekuwepo kila siku, aliyejulikana kwa jina na aliyeweza kufuatwa usiku.

Mji huohuo una jengo alilotoa Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Kihindi aliyetajirika kwa biashara ya misafara, na ambaye jina lake wodi moja ya Muhimbili inalibeba mpaka leo. Mwaka 1896, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, aliwakabidhi Wajerumani jengo la shule kwa sharti kwamba liwapokee watoto wa rangi zote. Jambo la kujifunza hapo ni sharti lenyewe. Mtoaji hakuishia kwenye mawe na chokaa. Alitamka nani aruhusiwe kuingia. Wafadhili wa leo wangefanya vema kumwiga, maana mikataba mingi ya ujenzi inataja unene wa nondo na haitaji hata mara moja nani atakaa ndani.

Ngoma nazo zilikuwa na mpango wake. Vyama vya beni vya Marini na Arinoti, vilivyoenea pwani nzima enzi za wazee wetu, vilikuwa na vyeo, michango, sare na kumbukumbu za wanachama, na mwanachama akifa chama kilimzika. Leo kazi hiyo inafanywa na vyama vya kufa na kuzikana, upatu na vikoba. Ukitaka kujua jamii ya mahali fulani imejipangaje, uliza turubai la msiba linatunzwa kwa nani, masufuria makubwa yako kwa nani, na viti vya plastiki viliponunuliwa nani aliandika majina ya waliochangia. Kikundi kinachoweza kutunza viti mia bila kupotea hata kimoja kinaweza kuendesha kituo. Na kituo chenye busara kingeanza na stoo ya vitu hivyo, kwa sababu stoo ya masufuria itafunguliwa kila wiki, wakati chumba cha kompyuta kisicho na mwalimu hufunguliwa siku ya wageni tu.

Hata hivyo nisiwapambe wazee kupita kiasi. Tunapenda kusifu baraza za Mji Mkongwe, zile kuta za kukalia mbele ya nyumba, kwamba ndizo bunge la Waswahili. Ni kweli, lakini lilikuwa bunge la wanaume. Wanawake walikutana uani, kisimani, kwenye shughuli, na maamuzi ya mtaa yaliwafikia yakiwa yameshaiva. Kijana wa leo naye hana nafasi barazani. Yeye yuko kijiweni na wenzake wa bodaboda, au kwenye banda umiza ambamo kwa ada ndogo anatazama ligi ya Uingereza akiwa amebanwa na joto. Ukijenga kituo kwa mfano wa baraza peke yake, umejenga mahali pa wanaume wenye umri. Wasichana hawatakanyaga, hasa kama choo hakina mlango unaofungika na njia ya kurudi nyumbani haina taa.

Tumewahi kujaribu kupanga vituo vya jamii kwa ukubwa, na kumbukumbu zake zingefaa kusomwa na kila afisa maendeleo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilijenga vituo vya ustawi katika miji ya Tanganyika. Wazo la awali lilikuwa askari waliorudi kutoka Burma: wamezoea mshahara na redio, na serikali iliogopa wasije wakaleta fujo. Basi wajengewe mahali pa kunywa chai, kusoma magazeti na kucheza michezo ya mezani. Askari wengi walirudi mashambani kwao na vituo vikabaki na makarani na walimu, ambao walivigeuza klabu zao. Mkulima na mchukuzi wa bandarini hawakuona chao pale. Walengwa walichaguliwa ofisini, na waliochaguliwa hawakuulizwa.

Dar es Salaam, karibu na Mnazi Mmoja, mwanzoni mwa miaka ya 1950 kilijengwa kituo kilichokuwa fahari ya mpango huo, kwa mchango wa Mgiriki tajiri, George Arnautoglu. Watu wa mjini walilizoea jengo hilo kwa jina la Anatoglo, na ukumbi wake ungali unatumika. Si mbali na hapo, mtaa wa New Street ambao leo ni Lumumba, palikuwa na nyumba nyingine iliyojengwa miaka ishirini hivi kabla yake. Hiyo ilikuwa ya African Association, chama kilichoundwa mwaka 1929, na wanachama waliijenga kwa kujitolea, kwa mikono na senti zao. Ukilinganisha majengo, Anatoglo lilishinda kwa kila kipimo. Lakini TANU ilizaliwa New Street, Julai 7, 1954, katika nyumba ambayo ufunguo wake wananchi walikuwa nao wenyewe na hawakuhitaji kumwomba mzungu wa ustawi wa jamii kibali cha kukutana.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema cha kupewa hakifai. Historia haikwenda hivyo. Uchaguzi wa mwaka 1953 wa TAA, jina la baadaye la African Association hiyohiyo, ule uliompa Julius Nyerere urais wa chama, ulifanyika ndani ya ukumbi wa Arnautoglu. Na Unguja, kituo cha Raha Leo kilichojengwa na Waingereza katika mpango wao wa kuipanga upya Ng'ambo, pamoja na studio ya redio, ndicho kilichokuwa makao ya wanamapinduzi Januari 1964. Jengo la kupewa linaweza kugeuka kuwa mali ya watu, ila hugeuka pale watu wanapoingia na ajenda yao, na mara nyingi ajenda hiyo haikuwa kwenye mpango wa mjenzi. Mpangaji mwenye hekima anaacha nafasi ya mambo asiyoyajua. Vyumba vyote visipewe majina siku ya kwanza.

Baada ya uhuru tulipiga hatua moja kubwa, na kwa maoni yangu hatujaithamini inavyostahili. Katika mkoa huuhuu wa Pwani, mwaka 1963, Mwalimu Nyerere alizindua mradi wa Kibaha uliofadhiliwa na nchi za Nordiki: shule ya sekondari, huduma za afya na mafunzo ya wakulima mahali pamoja. Mwaka 1970 ukakabidhiwa kwa Tanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha, na mpaka leo wagonjwa wa mkoa wanaijua Hospitali ya Tumbi. Kibaha ilidumu kwa sababu tangu mwanzo ilikuwa na wafanyakazi, bajeti na chombo cha kisheria cha kuirithi. Mfano wa pili ni tofauti kabisa, maana haukuwa na jengo hata moja. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, chini ya miembe, madarasani, kwenye veranda za ofisi. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa, kijitabu, na kazi ya kufanya baada ya kipindi: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Kiongozi wa kikundi alikuwa mwenzao wa palepale kijijini. Nchi maskini, yenye redio chache, iliendesha vituo vya jamii vya muda kwa maelfu bila kununua mfuko mmoja wa saruji.

Mwaka 1975 vikafuata Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, wazo ambalo Mwalimu alilichukua Sweden, kwenye vyuo vyao vya watu wazima. Leo viko zaidi ya hamsini nchini. Vingi vilidorora kwa miaka, lakini karibuni vimepata uhai mpya kwa jambo dogo sana: vimeruhusu wasichana waliokatishwa shule kwa ujauzito kusoma wakiwa na watoto wao, na kukawekwa mahali pa kuwalelea watoto wakati mama yuko darasani. Chumba cha watoto, godoro na mlezi. Kikikosekana, darasa la ushonaji litakuwa la wasio na watoto, na msichana mwenye mtoto atabaki nje.

Watu husema Bagamoyo haina wataalamu wa kuendesha vituo kama hivyo. Lakini mji huu mdogo una TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981, ambacho jumba lake la maonyesho liliungua mwaka 2002 na jipya likakamilika mwaka 2008. Una SLADS, chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka, kinachofundisha wakutubi wa nchi nzima. Una ADEM, inayowafundisha viongozi wa shule namna ya kuendesha shule. Mbegani kuna chuo cha uvuvi. Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo chake hapa, na chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa Bagamoyo pamoja na Korogwe kabla dunia haijaipokea. Ni miji mingapi ya ukubwa huu yenye hazina ya namna hiyo? Wanafunzi wa vyuo hivi hutafuta mahali pa mafunzo kwa vitendo kila mwaka, na wengi hupanda basi kwenda Dar es Salaam kupatafuta. Mkutubi mwanafunzi angeweza kupanga rafu ya vitabu Kiromo. Mwanafunzi wa maigizo angeweza kukaa Kerege muhula mzima na vijana wa banda umiza wakatengeneza mchezo wao. Wa uvuvi angekaa na wavuvi kwenye mnada wa samaki akajifunza na yeye. Halmashauri ingehitaji kuandikiana barua na vyuo hivi vilivyo katika eneo lake, na kuwapatia vijana hao pa kulala na nauli.

Sasa nije kwenye ardhi, kwa sababu hapa ndipo muda unatutoroka. Ukitoka Bunju kuelekea Mapinga, Kerege, Zinga mpaka Kiromo, yale yaliyokuwa mashamba ya minazi, mikorosho na miembe yamegeuka viwanja. Mji wa Dar es Salaam unahamia huku, nyumba kwa nyumba, fensi kwa fensi. Mgeni amejenga, ana geti na mlinzi, anaondoka alfajiri na kurudi usiku. Mwenyeji ameuza, fedha imekwisha, na watoto wake wanafyeka majani ya mgeni kwa kibarua. Wote wawili wako kijiji kimoja kwenye daftari la mwenyekiti, lakini hawana mahali wanapokutana ila dukani na barabarani. Nyumba mpya hazina baraza. Kiwanja cha mpira kilichotumika tangu enzi za babu kinapimwa, na siku moja gari la matofali linashusha katikati ya goli. Kesi za mipaka zinapanda, na lugha mbaya ya "wakuja" na "wenyeji" inaanza kusikika mahali ambapo tangu zamani mgeni alipewa maji kabla ya kuulizwa kabila.

Hapa ndipo kituo cha jamii kinapokuwa na maana kubwa kuliko kozi za cherehani. Kinakuwa mahali mhasibu aliyehamia Mapinga na bibi aliyezaliwa Mapinga wanapopanga foleni moja kwa chanjo ya mjukuu, au wanapokaa kikao kimoja cha ulinzi wa mtaa. Hilo halitatokea kama hakuna ardhi. Kila kata iliyo kandokando ya barabara hii inahitaji eneo la wazi lililopimwa na kusajiliwa kwa jina la kijiji au mtaa, na ekari chache zitatosha, kabla mnazi wa mwisho haujauzwa. Sheria zipo: ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999, ya mipango miji na ya upangaji wa matumizi ya ardhi, zote mbili za mwaka 2007. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria ukutane kila miezi mitatu, una uwezo wa kutenga eneo na kuliandika katika mpango wa matumizi bora ya ardhi. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama mkutanoni na kulidai.

Upande wa baharini kuna shida yake ya pekee. Tangu makubaliano ya bandari ya Bagamoyo yaliposainiwa mwaka 2013, watu wa Pande na Mlingotini wamekuwa wakiishi kwenye mabano. Jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015. Mwaka 2019 Rais Magufuli akayakataa masharti yake hadharani, na mwaka 2021 Rais Samia akatangaza kuufufua mradi. Wapo waliofanyiwa tathmini, wapo waliolipwa, wapo wanaosubiri. Nani atachangia ujenzi wa ukumbi katika kijiji anachoambiwa atahamishwa? Kwa watu hawa mpango wa kituo uwe wa vitu vinavyohamishika: kikundi chenye katiba na akaunti, vitabu kwenye makabati, vifaa vya kukausha mwani, turubai. Wakihama, kituo chao kihame nao, kwa sababu fidia inahesabu minazi na vyumba, na ujirani hauna mstari kwenye fomu ya mthamini.

Na kaskazini ya mto Wami mambo yanabadilika tena. Saadani, kijiji kilichopakana na hifadhi ya taifa, mtu hatembei ovyo usiku kwa sababu ya wanyama. Ratiba ya jioni niliyoisifu kwa wavuvi wa Mlingotini huko haifai. Ramani moja ya jengo moja kwa mkoa mzima itawakosea watu wengi.

Fedha je? Hapa nataka tuzungumze kwa uwazi. Fedha za kujenga hupatikana, kupitia TASAF, halmashauri, ubalozi, au mtu mwenye uwezo anayetaka kukumbukwa. Fedha za kuendesha ndizo hazipendwi, kwa kuwa haziwekewi kibao cha shaba. Mtunza kituo anahitaji posho ya kila mwezi. Taa zinahitaji umeme, choo kinahitaji sabuni, bati linahitaji fundi baada ya masika. Wengi hukimbilia kukodisha ukumbi kwa harusi. Ni njia halali, lakini ina mtego: baada ya muda Jumamosi zote zimechukuliwa, bei imepanda, na kikundi cha ngoma cha vijana kinaambiwa kirudi Jumatatu. Kumbi kadhaa za umma mijini zimepotea kwa njia hiyo, zikabaki za wenye nacho. Ningeweka kanuni iandikwe ukutani: siku zipi ni za kukodisha, siku zipi hazigusiki hata kwa mamilioni, na mapato ya kila mwezi yabandikwe mlangoni kwa maandishi makubwa. Watu wa pwani wanalipa mchango wa msiba bila kusukumwa kwa sababu wanauona ukitumika.

Ipo pia asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayokopeshwa kwa wanawake asilimia nne, vijana nne na watu wenye ulemavu mbili. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 ili kurekebishwa, ukarudi mwaka 2024. Vikundi vingi hushindwa kurejesha kwa sababu huundwa wiki moja kabla ya kuomba, na watu hawajuani. Kikundi kilichokaa mwaka mzima mahali pamoja, kikiweka na kukopeshana, kina uwezekano mkubwa zaidi wa kurejesha. Halmashauri inayolalamika kuhusu mikopo chechefu ingeweza kuitazama posho ya mtunza kituo kama sehemu ya kinga yake.

Kuhusu mwenye ufunguo, nina maoni makali. Asiwe mtendaji, kwa sababu ana kazi nyingine na atahamishwa. Asiwe mwenyekiti, kwa sababu uchaguzi ujao utaleta mwingine, na kituo kitaanza kuitwa cha chama hiki au kile. Asiwe wa msikiti wala wa kanisa, ingawa wote wana kiti kwenye kamati. Awe mkazi anayelipwa, ikiwezekana wawili, mwanamke na kijana, wanaowajibika kwa kamati iliyochaguliwa na mkutano mkuu, yenye mwakilishi wa wahamiaji wapya, wa wakulima wa mwani, wa wavuvi, wa walemavu. Kamati iwe na uwezo wa kuwaondoa. Na nakala ya pili ya ufunguo ikae nyumba ya tatu kutoka kituoni, kwa mtu asiye na cheo chochote.

Najua jibu linalokuja: zahanati haina dawa, shule haina madawati, wewe unazungumzia mahali pa kukaa. Hoja hiyo ninaiheshimu, maana mama anayejifungua hawezi kusubiri. Lakini zahanati yenyewe hutegemea watu waliozoea kukutana. Kipindupindu kikiingia, ni kikundi kilichopo tayari kinachopita nyumba kwa nyumba. Madawati yakipotea, ni wazazi wanaojuana wanaouliza. Vijiji vinavyopata huduma haraka ni vile vyenye watu wanaoweza kusimama pamoja ofisini kwa mkurugenzi wakaongea jambo moja. Uwezo huo hujengwa mahali fulani, kwa kukaa na kubishana na kuzikana kwa miaka.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na vipaumbele vya vijiji huandikwa miezi mingi kabla ya hapo. Ningependa kuona Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo wakiingia kwenye mikutano ya bajeti ijayo na maombi mawili yaliyoandikwa kwenye muhtasari kwa tarehe na sahihi: eneo la wazi lenye mipaka iliyopimwa, na posho ya watunzaji wawili kwa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza wafanyie kazi chini ya mwembe, na kabati la chuma la kutunzia vitabu na daftari la kikoba, stoo ya masufuria, choo kizuri na taa moja ya jua. Mkutubi mwanafunzi kutoka SLADS aje mara mbili kwa wiki. Mwisho wa mwaka kamati itakuwa na daftari linaloonyesha nani alikuja, saa ngapi, akitaka nini, na daftari hilo ndilo apewe mchoraji wa ramani.

Bei ya ardhi kandokando ya barabara haitangoja mwaka huo upite. Upimaji wa eneo ufanyike sasa, na mipaka yake isomwe mbele ya mkutano, mwenyeji na mgeni wote wakisikia.